Handaki la SSH: kufikia faili za ofisi bila kufungua poti 445

Ofisi nyingi ndogo za Nairobi hunipigia simu kwa shida ileile. Faili ziko kwenye seva iliyo ofisini, tuseme Upper Hill, na mhasibu anataka kuzifungua akiwa kwake Rongai. Mara nyingi kuna mtu amekwisha kuwashauri wafungue poti 445, yaani mlango wa mtandao wenye nambari hiyo, kwenye ruta ili seva ifikike moja kwa moja kutoka nje. Kama na wewe umepewa ushauri huo, nakuomba usiufuate.

Poti 445 ndiyo inayobeba SMB, itifaki inayotumiwa na Windows, na pia Samba ya kwenye Linux, kugawana folda. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipenya kwa njia hiyo, na hospitali za umma za Uingereza zikaahirisha miadi ya maelfu ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba ufa huo tangu Machi mwaka huo. Seva ya ofisi isiyo na fundi wa kudumu inaweza kukaa miezi bila kiraka chochote, na ndiyo sababu sitaki ianikwe kwenye intaneti.

Njia ninayopendekeza ni handaki la SSH, yaani njia kati ya kompyuta mbili ambayo data inayopita ndani yake husimbwa ili mwingine asiisome. Tatu Ylönen aliiandika SSH mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, baada ya watu kunasa manenosiri yaliyokuwa yakipita waziwazi kwenye mtandao wa chuo hicho. Tunayotumia wengi leo ni OpenSSH, iliyotolewa na watu wa mfumo endeshi wa OpenBSD mwaka 1999. Linux na Mac huja nayo, na Windows 10 imekuwa nayo tangu 2018, kwa hiyo hakuna cha kununua. Mhasibu wa Rongai anaandika hivi kwenye laptopu yake:

ssh -N -L 4450:192.168.1.20:445 mhasibu@ofisi.example

Herufi -N inamaanisha asifunguliwe terminali, kwa sababu anachotaka ni njia tu. Nambari 4450 ni poti kwenye laptopu yake mwenyewe. Chochote kinachoingia hapo husimbwa na kusafirishwa hadi kwenye mashine ya SSH, yaani kompyuta ya ofisini inayopokea handaki. Kipande cha katikati ndicho kinachowachanganya wengi. 192.168.1.20 ni anwani ya seva ya faili kama inavyoonekana na mashine ya SSH kule Upper Hill. Laptopu haihitaji kuijua. Huenda hata nyumbani Rongai kuna kifaa chenye anwani hiyohiyo, labda ni televisheni ya sebuleni, na hakuna kitakachoharibika, maana anwani hiyo hutafutwa upande wa ofisi. Ndivyo ilivyo hata ukiandika localhost, jina ambalo kompyuta hujiita yenyewe, mahali hapo: utakuwa unaitaja mashine ya SSH yenyewe, wala si laptopu uliyoishika. Ikiwa Samba inaendeshwa kwenye mashine hiyohiyo ya SSH, basi localhost ndiyo unayoihitaji.

Mara ya kwanza SSH itakuonyesha alama ya ufunguo wa seva, mstari unaoanza na SHA256, na kukuuliza kama unaikubali. Watu huandika yes bila kuisoma, jambo linalonikera kwelikweli, kwa sababu hapo ndipo mtu aliyejipenyeza katikati angegunduliwa. Andaa alama hiyo mapema. Ukiwa ofisini, kwenye mashine ya SSH, andika:

ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

Mpe mfanyakazi jibu lake kwenye karatasi, alinganishe atakapofika nyumbani. Ikibadilika siku moja bila taarifa, asiendelee; apige simu ofisini kwanza.

Handaki likishasimama, mwenye Mac huenda Finder na kuandika smb://localhost:4450/hesabu. Kwenye Linux ni mount -t cifs yenye chaguo port=4450. Windows ni ngumu zaidi, kwa kuwa yenyewe imeshaikalia poti 445, na kwa miaka mingi anwani zake za folda hazikuwa na nafasi ya kutaja poti nyingine. Windows 11 toleo la 24H2 imeongeza chaguo la /TCPPORT kwenye amri ya net use. Kwa matoleo ya zamani mimi huachana na SMB kabisa na kumwekea mtu programu ya WinSCP, inayochukua faili kwa SFTP, njia ya kuhamisha faili juu ya SSH hiyohiyo.

Sasa kwenye ufunguo wa mfanyakazi, yaani faili inayomtambulisha kwa seva badala ya nenosiri. Kwenye ruta poti iliyofunguliwa ni ya SSH peke yake, na kwenye sshd_config, faili ya mipangilio ya seva ya SSH, naweka PasswordAuthentication no, ili anayebahatisha manenosiri asipate pa kuanzia. Kisha kila mfanyakazi anayetumia handaki anapata mstari wake katika authorized_keys, faili yenye orodha ya funguo zinazokubaliwa, namna hii:

restrict,port-forwarding,permitopen="192.168.1.20:445",command="/bin/false" ssh-ed25519 AAAA...

Kwa mstari huu laptopu ikiibwa kwenye matatu, mwizi hawezi kuchimba handaki hadi kwenye kamera au printa za ofisi. Angalia lile neno command mwishoni. Wengi hudhani restrict inatosha, lakini kwa upande wa amri restrict humnyima mtu terminali tu; bado anaweza kutuma amri mojamoja na zikatekelezwa. /bin/false ndiyo inayozizima, pamoja na SFTP, kwa hiyo usiiweke kwenye mstari wa mtu wa WinSCP. Ofisi inayotunza mishahara na PIN za KRA za wateja inabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mstari mmoja kama huu ni kinga ambayo haina gharama. Kumbuka pia kwamba usimbaji wa SSH unaishia kwenye mashine ya SSH. Kutoka hapo hadi kwenye seva ya faili data husafiri kwa SMB ya kawaida, kwa hiyo washa usimbaji wa SMB 3 ikiwa mtandao wa ndani unatumiwa na wageni.

Intaneti ikikatika au stima ikipotea, handaki hubaki limening'inia na folda inaganda. Weka ServerAliveInterval 30 na ExitOnForwardFailure yes kwenye ~/.ssh/config, likifa lijulikane limekufa. SMB yenyewe huuliza na kujibiwa mara nyingi sana kwa kila faili, hivyo kwenye bando la simu inachosha: nakili faili kwako, ifanyie kazi, uirudishe. Hifadhidata ya programu ya uhasibu usiifungue kwa njia hii hata kidogo. Mtandao ukikatika katikati ya kuandika, vitabu vinaweza kuharibika. Kwa kazi hiyo elekeza handaki kwenye poti 3389 ya kompyuta ya ofisini, ile ya Remote Desktop ya Windows, uiruhusu pia kwenye permitopen, na uitumie kompyuta hiyo kutoka mbali.

Ikiwa laini ya ofisi haina anwani yake ya umma, kama ilivyo kwa laini nyingi za simu, kodi seva ndogo yenye anwani, kisha mashine ya ofisi ianzishe handaki la kinyume kwa -R kuelekea huko.

Mfanyakazi akiacha kazi, futa mstari wake kwenye authorized_keys. Handaki alilokwisha kulifungua halitakatika kwa kufuta huko, kwa hiyo tafuta mchakato wake wa sshd (programu inayopokea SSH kwenye mashine ya ofisi) na uuzime siku hiyohiyo.