Jiko la Dunluce Halikutumbukia Baharini

Wageni wa magofu ya ngome ya Dunluce, pwani ya Antrim huko Ireland ya Kaskazini, hawachoki kuuliza jiko liliangukia upande gani. Halikuanguka. Lipo.

Inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa dhoruba mwaka 1639, chakula kikingojewa mezani, jiko lilimeguka likazama na wapishi wake, akapona kijana mmoja tu aliyejibanza kwenye kona, na wenye ngome wakahama kwa ajili hiyo. Inaudhi kwamba hata waongoza watalii huirudia, ilhali ushahidi uko hatua chache kutoka wanaposimama. Vuka daraja, pita langoni, nenda hadi kando ya nyumba kubwa ya ukoo wa MacDonnell, waliokuwa wenye ngome: meko, tanuri na milango ya jiko vinaonekana wazi. Vishike kwa mkono kabla hujaisimulia hadithi hiyo kwa mwingine.

Kilichoanguka ni ukuta wa kaskazini wa jengo la makazi, tena katika karne ya 18, wenyewe wakiwa wameshahama. Kuta tatu zilizobaki zimesimama mpaka leo, na pengo la upande wa nne ndilo watu huonyeshana kwa kidole. Sababu yake haihitaji dhoruba ya ajabu. Jabali hili ni basalti, jiwe gumu la volkano lakini lenye nyufa tangu lilipopoa. Mawimbi hula chini, na pango limepenya chini ya ngome; maji ya mvua nayo huingia juu, yakiganda hupanua ufa. Ukuta uliojengwa ukingoni kabisa hukosa pa kukanyaga.

Wala jiko silo lililowahamisha. Mji uliokuwa kando ya ngome uliteketezwa katika uasi wa Ireland wa 1641, na baada ya Vita vya Boyne, vita vya kuwania taji la Uingereza vilivyopiganwa Ireland mwaka 1690, ukoo ulifilisika. Naam, palikuwa na mji: mwaka 2011 wanaakiolojia walifukua barabara yake ya mawe. Wanaodhani ngome iliishi peke yake mwambani hutazama baharini tu, hawageuki nyuma.

MacDonnell si wajenzi wa kwanza pia. Walitanguliwa na ukoo wa MacQuillan, na MacDonnell wakaitwaa ngome kutoka kwao katikati ya karne ya 16.

Kuhusu Girona, merikebu ya Kihispania iliyozama jirani mwaka 1588, ni kweli mizinga yake ililetwa Dunluce. Ila si kweli kwamba ukoo ulikomba hazina yote. Wapiga mbizi wa Robert Sténuit, mtafiti wa Kibelgiji wa mabaki ya chini ya bahari, waliikuta dhahabu yake ingali chini ya bahari mwaka 1967, na leo iko Ulster Museum, Belfast.