Kijana Aliyeamua Kusubiri Anahitaji Ulinzi, Si Maonyo Peke Yake

Kila shule zinapokaribia kufungwa, wazazi hutuomba tuwaonye vijana wao waache ngono, nasi huitikia, kwa kuwa kusubiri ndiyo kinga kamili ya mimba na njia ya uhakika ya kuepuka magonjwa mengi ya zinaa. Hata hivyo, yapo mambo tunayolazimika kuyarudia mwaka hadi mwaka. Mvulana anayesubiri hadhuriki kwa mbegu "kujaa", na ngono haijawahi kuwa dawa ya chunusi. Binti anayesubiri naye anahitaji chanjo ya HPV (virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi), iliyoanza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018, kwa sababu hukinga vizuri zaidi ikitangulia kujamiiana. Mzazi anayeikataa kwa madai kwamba binti yake "ametulia" ameielewa kinyume.

Jambo linalotuchosha zaidi ni utetezi kwamba "alikubali mwenyewe". Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 130, haiitambui ridhaa ya msichana aliye chini ya miaka 18 (suala la ndoa lina maelezo yake, ambayo hatuyachambui hapa), na adhabu ya kubaka kwa mtu mzima huanzia kifungo cha miaka 30. Anayempa mwanafunzi wa msingi au sekondari mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 chini ya kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu, na anayesaidia mwanafunzi aozwe naye anatenda kosa. Kesi hizi ni za Jamhuri, yaani serikali ndiyo inayoshtaki. Mzazi aliyepokea ng'ombe au fedha ili "wamalizane kifamilia" hana mamlaka ya kuzifuta.

Vilevile, binti anayetembea kilomita nyingi kwenda shule bila nauli, akasaidiwa kila siku na mwendesha bodaboda yuleyule, ameachiwa uamuzi mgumu kuliko maonyo aliyopewa nyumbani.

Mtoto akifanyiwa ukatili hajavunja uamuzi wake, na asiulizwe alivaa nini. Afikishwe hospitalini mapema, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72. Asioge kabla ya kupimwa, nguo zisifuliwe, na zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi badala ya plastiki. Taarifa hupokelewa katika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambako hutolewa fomu ya PF3 (fomu ya polisi ya uchunguzi na matibabu), na hali ikiwa mbaya matibabu hutangulia fomu. Namba ya huduma kwa mtoto ni 116, na kuipiga hakutozwi.