Kufungua na kufunga kava la klachi bila kuacha injini ikivuja

Pikipiki nyingi ninazoletewa kwa sababu ya oili kuvuja upande wa kulia zimeshafunguliwa kava la klachi hapo kabla. Ukiangalia, gasketi, yaani karatasi ya kuziba maungio, ni mpya kabisa. Kinachovujisha ni uso wa kava ambao umechimbwa na bisibisi, au boliti moja isiyoshika. Nitaeleza kazi hii kwa injini ya mtindo wa CG, maana ndiyo iliyojaa vijiweni kwetu. Honda walianza kuuza CG125 miaka ya 1970, na injini za Kichina za cc 125 na 150 zilizofuata mtindo ule zinafunguka karibu sawasawa.

Nyuma ya kava hilo gia ndogo ya krenki huzungusha gia kubwa ya klachi. Pampu ya oili iko hukohuko, pamoja na kichujio kinachozunguka kwenye ncha ya krenki na shafti ya kiki. Klachi inalowa oili ileile ya injini, kwa hiyo usiweke oili ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano. Tafuta iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili ya pikipiki inayofaa klachi inayolowa.

Washa injini ipate joto kidogo, kisha mwaga oili. Wapo wanaolaza pikipiki upande wa kushoto ili wasimwage. Mimi sipendi, kwa sababu petroli huvuja na betri ya maji humwaga asidi. Toa mkono wa kiki, ondoa sehemu ya kukanyagia na pedali ya breki kama zinaziba njia, kisha chomoa waya wa klachi kwenye mkono wake.

Sasa boliti, na hapa naomba utulie. Nyingi zina kichwa cha namba 8, lakini urefu wake si mmoja. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la kava, toboa matundu, na kila boliti unayoitoa ichomeke mahali pake. Boliti fupi ikiingia kwenye tundu la ndefu itashika meno machache tu, na aluminiamu itachanika. Ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi itagota chini kabla ya kubana kava. Utahisi imekaza kumbe kava linapumua. Ukiendelea kulazimisha, unapasua injini. Legeza zote kidogo kidogo, kwa kukingamiza.

Kava likigoma kutoka, usichomeke bisibisi katikati ya nyuso mbili. Ligonge kwa nyundo ya mpira au kipande cha mbao, ukizunguka pembeni. Likigoma kabisa, hesabu matundu upya. Mara nyingi kuna boliti imejificha chini kwenye tope. Livute taratibu, likiwa limenyooka, na uangalie washa ya shafti ya kiki, kwani huweza kunata kwenye kava kisha ikadondoka bila wewe kujua. Kuna pia bushi ndogo za chuma zinazolenga kava. Hakikisha unajua kila moja imebaki upande gani.

Ukishafungua, safisha kile kichujio cha kwenye krenki. Uchafu mzito huganda humo, na kubadilisha oili peke yake hakuutoi.

Kazi ndefu zaidi ni kubandua gasketi ya zamani. Ilainishe kwanza, kisha ikwangue kwa kitu laini kama plastiki ngumu. Ziba sehemu za ndani kwa kitambaa ili vipande visiingie kwenye gia. Pitisha ukucha juu ya uso wote. Pale unapokwama ndipo oili itapita. Matundu ya boliti nayo yakaushwe, kwa sababu oili iliyobaki ndani huzuia boliti kufika chini.

Silikoni iliyopakwa kwa wingi naipinga kwa nguvu zote. Ile inayojikamua ndani hukatika vipande, na kwenye injini nyingi za aina hii oili hupita ndani ya kava lenyewe kwenda kwenye krenki. Kipande kikiziba njia hiyo, beringi ya krenki inakufa. Uso ukiwa safi na mnyoofu, gasketi ya karatasi inatosha.

Kabla ya kurudisha, paka grisi mdomo wa sili ya kiki na funika meno ya shafti kwa selotepu nyembamba, yasije yakaikata. Kwenye CG mkono wa klachi umekaa kwenye kava, kwa hiyo hakikisha kipini chake cha kusukuma kiko mahali pake. Sukuma kava kwa mkono. Likibaki wazi upande mmoja, usilivute kwa boliti: zungusha kidogo shafti ya kiki, tazama bushi, jaribu tena.

Kaza boliti kwa vidole, kisha kwa kukingamiza, awamu mbili au tatu. Boliti hizi za milimita 6 zinahitaji takriban Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 10 hadi 12 tu, kwa hiyo shika spana fupi. Jaza oili, rudisha waya, na acha mchezo, yaani ulegevu kabla klachi haijaanza kuvutwa, wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya lever ya klachi. Washa injini dakika chache, izime, subiri oili ishuke, pima tena. Kisha pangusa kava likauke kabisa na upake unga mwembamba kwenye maungio ya chini. Ukiendesha kidogo, unga utakuonyesha boliti ipi hasa ina unyevu.