Flashi mbili kwenye auto hazikupi mwanga mara mbili

Jamani hili swali limenichosha. Tena mtu kaniandikia, "kaka nimeongeza flashi ya pili, zote nimeweka auto, kwa hiyo nafunga apecha stopu moja, si ndiyo?" Hapana, siyo. (Apecha ni tundu la lenzi, namba ya f ikiwa kubwa tundu ni dogo; stopu moja ni mwanga kuwa mara mbili au nusu.) Na wanaofundishana hivi ni wengi, wengine ni watu wanaopiga picha vizuri kabisa, ndo maana nimeona niandike kwa kirefu, nikiulizwa tena nitume linki tu.

Auto ninayoisema hapa ni ile ya senza iliyoko kwenye flashi yenyewe, unaitajia ISO na apecha halafu inajikata yenyewe. Sio TTL, ile ambayo kamera inapima mwanga wa flashi kupitia lenzi. TTL nitaigusa chini.

Senza ya auto haipimi mwanga wa flashi yake. Inapima mwanga unaorudi kutoka kwa mtu unayempiga, wote, na mwanga ukishamgonga mtu ukarudi hauna jina la mwenyewe. Ukitosha kwa apecha uliyoitajia, thairista (swichi ya umeme ndani ya flashi) inakata. Sasa chukua flashi mbili, zote f/8, zinawaka pamoja, senza zote zinamwangalia mtu yuleyule kutoka upande mmoja. Zote mbili zinaona jumla, na jumla ikifika f/8 zote zinakata. Ni kama watu wawili wanajaza ndoo moja, kila mmoja kaambiwa afunge bomba maji yakifika kwenye mstari. Ndoo inajaa haraka, maji hayazidi mstari. Ukienda kufunga lenzi mpaka f/11 wakati flashi bado zinajua f/8, umejikosesha stopu nzima, picha giza, halafu lawama zinaenda kwa flashi.

Faida ya ile ya pili ni kwamba kila moja inatoa karibu nusu, kwa hiyo zinarudi tayari haraka, betri zinadumu, na umbali wa mwisho unaongezeka. Kwa 1.4 lakini, sio kwa 2, maana mwanga unapungua kwa mraba wa umbali. Flashi mbili za GN 28 (GN ni namba ya nguvu ya flashi) zikikaa sehemu moja zinakupa GN 40 hivi, ukitaka umbali mara mbili tafuta nne. Hilo nalipita.

Sasa kuna kitu ambacho wanaonibishia huwa hawakisemi, na ndicho kinachowafanya waamini wanachoamini: kuna wakati wako sahihi. Mtu akiwa karibu, flashi ya auto inaweza kuwaka kwa 1/20,000 ya sekunde, yaani maikrosekunde 50 tu. Kama ya pili unaiwasha kwa jicho la sleivu, yaani senza inayoiwasha flashi ikiona mwanga wa flashi nyingine, sleivu lazima kwanza ione ya kwanza ndo iamke, na sleivu za bei poa zinachelewa kidogo. Ikichelewa kupita hizo 50, ya kwanza imeshamaliza kazi. Na saketi ya auto kwa kawaida inaanza kuhesabu pale flashi yake inapowaka, mwanga uliopita haiujui. Kwa hiyo inaanza sifuri, inatoa f/8 yake kamili juu ya f/8 ambayo tayari imeingia kwenye kamera, na hapo kweli umezidisha stopu moja. Mtu huyohuyo akirudi nyuma mpaka mwisho wa masafa, flashi zinawaka karibu 1/1000, ucheleweshaji ule hauna maana tena na jumla inarudi kuwa sawa. Vifaa vilevile, setingi zilezile, majibu mawili tofauti. Ndo maana mtu aliyejaribu mara moja sebuleni anakuja kubisha kwa nguvu zote, na picha anayo. Sikatai picha yake. Nakataa kanuni aliyoitoa kwenye picha ile.

Ukitumia waya au triga ya redio zote ziwake pamoja, shida hii inapungua sana. Haiishi, kwa sababu kila flashi ina kiwango cha chini ambacho haiwezi kushuka zaidi, na ukimsogelea mtu mno viwango viwili vya chini vinajumlishwa.

Haya, tuje kwenye rasho, yaani uwiano wa mwanga wa flashi kuu na ya kujazia kivuli, hapa ndo panaponiudhi zaidi. Ushauri unaozunguka unasema: lenzi f/8, flashi kuu iambie f/8, ya kujazia iambie f/4 (idhani tundu ni kubwa, ikate mapema), basi ya kujazia itakuwa chini kwa stopu mbili, yaani robo. Hesabu nzuri ya kwenye karatasi. Angalia kinachotokea flashi zikiwa na nguvu sawa na umbali sawa. Zote zinaanza pamoja. Senza ya kujazia inasubiri robo, lakini robo ya jumla, na nusu ya hiyo robo imeletwa na flashi kuu. Kwa hiyo inakata ikiwa yenyewe imetoa 1/8 tu. Kuu inaendelea mpaka ijaze, inatoa 7/8. Uliomba moja kwa tatu au moja kwa nne, umepata moja kwa saba, kivuli kizito karibu stopu tatu. Sogeza ya kujazia nusu ya umbali, mwanga wake unafika mara nne kwa kasi, sasa inatoa 4/5 ya ile robo, yaani 1/5 ya mwanga wote. Iweke kwenye mwavuli, inashuka tena. Hujagusa setingi hata moja. Na hata hesabu yangu hii inadhani mwanga wa flashi unatoka kwa kasi moja mwanzo mwisho, wakati kiukweli unapanda ghafla halafu unafifia polepole. Kwa hiyo rasho ya namba kwenye auto mbili siiamini, hata nikiipiga mwenyewe. Naangalia kivuli kwenye skrini, narekebisha kwa jicho.

Flashi ya nyuma ya mtu, ile ya kuangaza nywele, usiiweke auto kabisa. Senza yake inatazama mbele, na mbele kuna flashi kuu inaipiga usoni moja kwa moja. Inaona mwanga mwingi papo hapo, inakata kabla haijafanya chochote, halafu mtu anasema flashi imekufa. Haijakufa, imetii.

Ninachofanya mimi: kuu auto, ya pili manyuali (nguvu naipanga mwenyewe), 1/16 au 1/32 ya nguvu yake kwa kuanzia. Senza ya kuu bado itaona mwanga wa ile ya pili na kujaza kilichobaki, kwa hiyo mwangaza wa jumla unashikwa, na mimi nabaki na kitu kimoja tu cha kupandisha na kushusha. Senza ya kuu ikae upande wa kamera. Vivitar 283 ilikuwa na senza inayochomoka, unaiunga kwa waya na kuiweka juu ya kamera wakati flashi iko pembeni kwenye stendi, na bado sijaona jibu zuri kuliko hilo kwa kazi hii.

TTL ya kamera za dijitali kwa kifupi: inatoa mmweko wa kupima kabla shata haijafunguka, sleivu ya kawaida inadanganyika, inawaka mapema, kwenye picha haipo. Zima TTL, au tumia sleivu inayojua kuuruka mmweko wa kwanza. Na zile flashi za zamani kabla hujazichomeka kwenye kamera ya dijitali pima volteji ya triga (ya pale kamera inapoiwashia flashi) kwa mita, zingine zinapita volti 200 na kamera inaweza kuharibika.