Ile humiki nyeusi ya agrovet inatoka kwa makaa ya mawe, na inatengenezwa hivi

Watu wa Kiambu, Ruai, na nyinyi wa vishamba vya nyuma ya nyumba hapa Nairobi mnatuuliza sana kuhusu zile jerikeni za maji meusi zimeandikwa asidi ya humiki, kama ni mbolea ama ni nini. Si mbolea. Inasaidia udongo kushika virutubisho na maji, kwa hivyo ukiinunua ukaacha samadi na mbolea utalia wakati wa kuvuna.

Nyingi hutolewa kwa makaa ya mawe machanga ya kahawia, ligniti, kaboni yake iko kama asilimia 60 hadi 75, wakati yale magumu ya antrasaiti yanapita 90. Kuna ligniti ambayo hewa imeioksidisha yenyewe (yaani oksijeni imeingia ikaibadilisha) ardhini miaka na miaka, inaitwa lionadaiti, hiyo humiki iko tayari. Ile ingine lazima isaidiwe na kemikali: inasagwa, inatiwa asidi ya nitriki ama haidrojeni peroksaidi, inapashwa moto kiasi huku inakorogwa, na oksijeni inakatakata molekuli kubwa na kuziachia vikundi vya kaboksili ambavyo ndivyo vinashika zinki, chuma na kalsiamu. Halafu potasiamu haidroksaidi, ambayo ni alkali kali, inayeyusha humiki, uchafu wa madini unabaki chini. Ukitia asidi ushushe pH (kipimo cha uasidi) hadi karibu 2 humiki inaganda inazama, na fulviki, ndugu yake wa molekuli ndogo, inabaki kwa maji.

Ugumu wote uko hapo kwa kuoksidisha. Ukifanya kidogo hupati kitu, ukizidisha inakatika hadi inakuwa asidi ndogo ndogo kama oksaliki na kaboni dayoksaidi inapeperuka, makaa yako yameisha bure.

Na tafadhali, msijaribu nyumbani! Nitriki ikikutana na makaa inatoa moshi wa kahawia unaoumiza mapafu, na mtu anaweza kujiona sawa kisha azidiwe masaa kadhaa baadaye. Vumbi la makaa ya jiko nalo halifai, hayo ni miti iliyochomwa, si ligniti.

Ukienda dukani usiangalie weusi, uliza asilimia ya humiki na kama imepimwa risasi, kadmiamu na aseniki, juu makaa mengine hubeba hizo. Usiichanganye kwa pampu moja na kalsiamu naitreti ama dawa yenye asidi kali, itaganda izibe nozo.