Kipande chenye vishimo hakitoshi kumpa kobe jina

Huku Lubumbashi ukisema kazi yako ni mawe, watu wanajua ni shaba na kobalti. Yangu ni mifupa ya kobe wa gamba laini, wale ambao gamba lao limefunikwa na ngozi tu. Wanafunzi huniuliza kila mara: kwa nini visukuku vyao (mabaki yaliyogeuka mawe) vya enzi ya Kretasia, enzi ya dinosaria iliyoisha miaka milioni 66 iliyopita, vinabadilishwa majina ovyo?

Mfupa wa gamba lao umejaa vishimo na matuta, kwa hiyo hata kigae kidogo kinakuambia hii ni familia ya Trionychidae. Hakikuambii ni nani ndani ya familia. Mwaka 1856 mtafiti wa visukuku Joseph Leidy aliunda jina Trionyx foveatus kwa vigae vya Judith River, Marekani, na wengine wakafuata njia hiyo hadi Asia. Jenasi Trionyx (jenasi ni kundi la spishi zenye undugu), iliyopewa jina na mwanazuolojia Geoffroy Saint-Hilaire mwaka 1809, ikawa kapu la kila kitu. Mtafiti wa kobe Peter Meylan alilipunguza mwaka 1987: kati ya kobe walio hai akamwacha Trionyx triunguis peke yake, ambaye mito yetu ya Kongo inamjua.

Mimi nikipewa kisukuku nakigeuza kwanza nione tumbo. Kobe wa kundi la Plastomenidae, wa Amerika Kaskazini, mifupa yao ya tumbo imepanuka sana, na kwa waliokomaa huelekea kukutana katikati. Ila mifupa hiyo hupanuka kadiri kobe anavyozeeka, hivyo mtoto wa kundi hili anaweza kukudanganya. Zipo bahati pia: Helopanoplia, kobe wa kundi hilo aliyetajwa na mtafiti Hay mwaka 1908 kwa vigae tu, ana vinundu vya pekee juu ya mfupa, na magamba kamili zaidi yaliyoelezwa mwaka 2017 yalilithibitisha jina.

Ubishi mkubwa ni mahali pa Plastomenidae wenyewe katika mti wa ukoo wa kobe hawa. Wapo wanaowaweka nje ya wote walio hai. Wengine wanawasogeza karibu na ukoo wa Cycloderma aubryi, kobe wa gamba laini anayeishi magharibi mwa nchi yetu. Tumbo pekee halinishawishi, maana mfupa mpana unaweza kutokea kwenye koo mbili zisizo na undugu wa karibu. Fuvu lina neno zaidi, na Gilmoremys, mmoja wa Plastomenidae wa mwisho wa Kretasia, ametuachia fuvu na gamba pia. Kwetu Afrika visukuku vya zamani zaidi vinavyojulikana vya familia hii ni vya Mioseni, enzi iliyoanza miaka kama milioni 23 iliyopita, kwa hiyo mababu wa Cycloderma wa miaka milioni 66 iliyopita bado tunawatafuta kwenye mawe ya ng'ambo.