Namba ya giza kwenye kioo cha kuchomelea ina maana gani

Ukikitoa kioo cheusi kwenye ngao ya kuchomelea na kukigeuza kwenye mwanga, pembeni utaona tarakimu: 9, 10, 11 au 12. Hiyo ndiyo namba ya giza. Inaeleza kioo kinapitisha mwanga kiasi gani wa ule unaoonekana kwa macho. Haielezi kitu kingine, na hapo ndipo mafundi wengi wanapochanganya mambo. Kuna mwanga mkali unaokufanya ukunje uso, na kuna mionzi usiyoiona kabisa ambayo ndiyo inayounguza jicho. Namba hupima ule wa kwanza. Kinga dhidi ya hiyo ya pili hutegemea kioo chenyewe kimetengenezwa kwa ajili ya kuchomelea au la.

Kipimo chenyewe hakipandi kwa hatua ndogo. Namba 3 hupitisha takribani asilimia 14 ya mwanga, namba 5 asilimia 2 hivi. Namba 10 hupitisha sehemu moja katika 7,000, na namba 11 sehemu moja katika 19,000. Kila ukipanda namba moja, mwanga hupungua karibu mara 2.7, kwa hiyo anayetoka namba 12 kwenda 10 anaongeza mwanga mara saba, si kidogo kama tarakimu zinavyodanganya. Na vioo viwili vikibebana, namba hazijumlishwi tu: unajumlisha kisha unatoa moja. Namba 5 juu ya namba 5 ni 9, si 10. Miwani ya jua ya kawaida, hata ile inayoonekana nyeusi, iko karibu na namba 3. Kuchomelea geti na miwani ya jua ni sawa na kuchomelea macho wazi.

Mionzi isiyoonekana ni ya aina mbili. Urujuanimno (UV) huunguza konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho. Haumi papo hapo. Maumivu huja saa 6 hadi 12 baadaye, ndiyo maana watu huamshwa usiku wakihisi mchanga machoni, machozi yanatiririka na taa haitazamiki. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili. Maziwa na vipande vya kiazi mbichi haviponyi chochote, vinaweza kuingiza vijidudu kwenye jicho lililochubuka. Kaa gizani, weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofungwa, meza dawa ya maumivu. Matone ya ganzi yasitumike nyumbani, kwa sababu huchelewesha konea kupona na humfanya mtu asijue hali inazidi kuharibika. Maumivu yakivuka siku mbili, uono ukibaki na ukungu, au kama kuna chembe ya chuma iliyoruka, nenda hospitali.

Infraredi ni joto. Hilo haliamshi mtu usiku, lakini likikusanyika miaka mingi huchangia mtoto wa jicho. Mwanga mkali wa buluu nao hufika hadi nyuma ya jicho, kwenye retina, na jeraha la huko si la kupona kwa siku mbili.

Sasa ona kwa nini kipande cha kioo cha gari chenye tinti, au filamu ya X-ray iliyokunjwa mara mbili, ni hatari kuliko kinavyoonekana. Kinapunguza mwanga unaoonekana, kwa hiyo mboni inatanuka kama iko gizani na mtu anatazama bila kukunja uso. Wakati huohuo hakuna uhakika kwamba mionzi isiyoonekana imezuiwa, na mlango wa jicho uko wazi zaidi. Kioo halisi cha kuchomelea huandikwa namba pamoja na alama ya mtengenezaji na kiwango kilichofuatwa, mfano EN 169 cha Ulaya. Kisicho na maandishi yoyote usikiamini, hata kikiwa cheusi tii.

Namba gani basi? Inategemea mkondo wa umeme. Jedwali linalotumika Marekani kwa kuchomelea kwa fimbo linasema hivi: ampea 60 hadi 160, usishuke chini ya 8 na inayopendekezwa ni 10, ampea 160 hadi 250, usishuke chini ya 10, inayopendekezwa ni 12, zaidi ya hapo hadi 550, chini kabisa ni 11 na inayopendekezwa ni 14. Fundi wa grili na mageti anayetumia fimbo za geji 12 (mm 2.5) na geji 10 (mm 3.2) hucheza kati ya ampea 60 na 130, kwa hiyo 10 inamtosha, na 11 kama macho yake hayapendi ukali. Kwa MIG, yaani kuchomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe, katika ampea 60 hadi 160 pendekezo ni 11. TIG, yaani kuchomelea kwa sindano ya tungsteni, ya ampea 50 hadi 150 inapendekezewa 12, kwa sababu hakuna moshi mwingi wa kufifisha mwanga. Gesi iko chini sana: kuchomelea bati jembamba ni 4 au 5, kukata chuma kisichozidi mm 25 ni 3 au 4. Kioo cha gesi kisitumike kwenye umeme hata kwa pointi moja.

Namna ya kujipimia: anza na kioo cheusi kupita kiasi, kisha shuka namba moja moja mpaka uone dimbwi la chuma kilichoyeyuka na kingo zake bila kushuka chini ya kiwango cha chini. Ukimaliza pointi na bado unaona doa la kijani au la zambarau mbele yako kwa muda, kioo ni chepesi mno, yaani giza lake ni dogo, kwa kazi hiyo.

Lakini fundi akilalamika «sioni», mara nyingi kosa haliko kwenye namba. Kabla hujanunua kioo chepesi, kagua kile cheupe kilicho mbele ya cheusi. Kazi yake ni kupokea cheche ili kioo ghali kisiharibike, na baada ya muda hujaa vidoa vya chuma vilivyoganda ambavyo havifutiki. Vidoa hivyo hutawanya mwanga wa tao, yaani mwako wa umeme kati ya fimbo na chuma, na unachoona ni ukungu mweupe juu ya kazi. Kubadilisha kipande hicho cha bei ndogo hurudisha uono kuliko kubadilisha namba. Futa pia upande wa ndani, maana mvuke wa pumzi ukichanganyika na vumbi la grinda hutengeneza utando.

Kisha tazama jua liko wapi. Likiwa mgongoni, linaingia nyuma ya ngao, linagonga upande wa ndani wa kioo na kukurudishia taswira ya uso wako mwenyewe. Geuka, au funika kisogo na kitambaa kizito cha pamba. Nailoni isikaribie, inayeyuka. Upande wa kazi ni kinyume: huko unataka mwanga mwingi. Taa kali ikiangazia mshono kutoka pembeni husaidia kuuona mstari mbele ya tao, hasa kwa kioo cha namba isiyobadilika ambacho kabla ya kuwasha ni giza tupu. Kalamu nyeupe ya kufuta makosa huacha alama inayoonekana vizuri kuliko chaki.

Kichwa kisikae juu ya moshi. Kaa pembeni kidogo, uso uwe sentimita 30 hadi 45 kutoka kwenye kazi, na utazame dimbwi, si tao. Aliyevuka miaka 40 na anasogeza simu mbali ili asome, huenda anachohitaji ni lenzi ya kukuza ya +1.5 au +2 ndani ya ngao. Kwake kupunguza giza hakutasaidia kitu.

Ngao zinazojigeuza giza zenyewe tao likiwaka zina maandishi kama 4/9-13 1/1/1/2. Namba 4 ni hali ya mwanga kabla ya tao, 9-13 ni giza unaloweza kuchagua, na zile nne za mwisho ni ubora wa picha: 1 ni bora, 3 ni hafifu. Ya nne ndiyo ya kuangalia, inahusu kioo kukaa sawa ukikitazama kwa pembeni. Chenye 3 hapo hubadilika giza kila ukigeuza shingo. Kizuizi cha urujuanimno na infraredi katika ngao halisi ni cha kudumu, kipo hata betri ikiisha. Kinachokosekana betri ikiisha ni giza, na mwako huo wa ghafla ni mkali kweli.

Ngao ikigeuka giza na kurudi kwenye mwanga katikati ya mshono, kitambuzi chake cha mwanga kimezibwa na bomba, mkono au uchafu, au ampea za TIG ni ndogo na kitufe cha wepesi wa kuhisi kiko chini. Ikibaki nyeusi nje juani, kishushe kitufe hicho. Kitufe cha kuchelewa kurudi kwenye mwanga kiweke karibu na sekunde 1 kwa ampea kubwa, maana chuma bado kinang'aa tao likizimika. Kabla ya kuanza kazi ishike mkononi bila kuivaa, ielekeze juani: isipogeuka, usiitumie.

Miwani mieupe ya plastiki ngumu ivaliwe chini ya ngao muda wote. Ngao ikiinuliwa ili kugonga magamba kwa nyundo, ndipo vipande vya moto huruka, na wengi hujeruhiwa hapo badala ya kwenye tao. Msaidizi anayeshika skwea paipu naye anahitaji kioo cha namba ileile. Kugeuza uso hakutoshi, kwa sababu bati jipya na alumini hurudisha urujuanimno kutoka ukutani. Wapita njia wakingwe kwa pazia zito lisiloshika moto, au ubao, kuanzia karibu na ardhi hadi juu ya kichwa cha mtu mzima.